Kasirani ya Wamama

Kwetu Bukavu mtoto mwanamke anafundishwa mapema kwamba kasirani ni aibu: ukiumizwa, nyamaza, acha wazee waongee. Sawa, lakini mwaka 1999, kule Mwenga, wanawake walizikwa wangali wazima. Hapo mtu anyamaze namna gani? Desturi yenyewe inatupa jibu: nyumba ikifiwa, mama njo anapaza sauti wa kwanza, majirani wakuje. Tarehe 17 Oktoba 2010 maelfu ya wamama, wengine wageni wa nchi za mbali, walijaza barabara za Bukavu wakidai amani na mwisho wa ubakaji. Ile kasirani haikutafuta mtu wa kuumiza, ilitafuta mashahidi. Baba mmoja wa hapa Nguba aliniambia afadhali wangelilia nyumbani. Nyumbani, miaka 11, nani alisikia?