Mjukuu na Deni Asilolikopa

Mkopo wa serikali unatofautiana na wa mtu binafsi kwa jambo moja zito: mkopaji wake hafi. Mzee akifariki akiwa anadaiwa, mirathi ya Kiislamu inaelekeza mali yake igharimie maziko, ilipe madeni, itimize wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Mali isipotosha, mrithi halazimiki kutoa chake. Akilipa, ni hisani. Dola haina maziko. Waliotia saini hustaafu na kuzikwa, na deni huwangoja watu ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa. Hivyo wasiwasi wa babu na bibi juu ya kesho ya nchi huwa suala la haki kabla ya kuwa la uchumi: kizazi kilicho hai kina ruhusa gani ya kukifunga kizazi ambacho hakijaulizwa?

Katiba ya Kenya ya 2010 imelitaja jambo hili waziwazi. Kifungu cha 201 kinataka mizigo na manufaa ya mikopo ya umma yagawanywe kwa haki baina ya kizazi cha sasa na vijavyo. Yaliyofuata yanakipima kifungu hicho. Juni 2014 serikali iliuza nje hati fungani za dola bilioni 2, na bilioni 1.5 kati ya hizo zilipaswa kulipwa Juni 2024 kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024 ilikopa bilioni 1.5 nyingine, kwa asilimia 9.75, ili kupunguza deni hilo la kwanza. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mkopo ulipochukuliwa alikuwa na 20 ulipoiva. Vijana wa rika lake ndio waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha na kodi zake mpya, na baadhi yao waliuawa. Mkopo unaojenga kitu kitakachodumu kuliko deni lenyewe unaweza kutetewa mbele ya mjukuu. Mkopo wa kulipia mkopo humwachia mzigo mtupu.

Mjukuu hurithi pia jina. John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba marehemu hubaki katika kile alichokiita Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumkumbuka akifa, huzama katika Zamani. Alidai pia kwamba fikra za jadi za Kiafrika hazina wakati ujao wa mbali, dai lililopingwa na wengi, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana. Hofu ya wazee juu ya kesho ya nchi inawapa wapinzani wa dai hilo nguvu. Lakini hoja ya jina inabaki: kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa babaye, na atakayelibeba jina hilo ndiye atakayelibeba deni.

Asiyezaliwa hana kura, kama yatima asivyoweza kusimamia mali yake. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inamkataza msimamizi kuila mali ya yatima kwa haraka kabla hajakua, na inataka mashahidi siku ya kumkabidhi. Nchini Kenya mashahidi walichelewa: mikataba ya mkopo wa reli ya Mombasa hadi Nairobi ilitiwa saini 2014, na treni ikaanza safari 2017. Wananchi walionyeshwa sehemu ya mikataba hiyo Novemba 2022.