Muhogo wa Siku ya Kwanza

 

Muhogo mchungu tunauloweka. Siku ya kwanza, mchungu. Siku ya pili, bado. Hakuna mama anayeutupa kwa sababu hiyo. Anaungoja ulainike, anauanika, anautwanga, na watoto wanakula.

Basi dada, unapoandika, mbona ukurasa wako wa kwanza unauchana? Unasema: mimi si mwalimu. Unasema: Kifaransa changu kinakwama. Unasema: vitabu huandikwa na wanaume, tena wazungu, tena mbali.

Si kweli, dada. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa Pate huko pwani ya Kenya, alikuwa mgonjwa. Hakungoja apone. Alimtungia binti yake utenzi, kwa Kiswahili, na unasomwa hadi leo. Lugha hiyo ilifika kwetu Maniema, huku Kongo, karne hiyohiyo, kwa njia ya misafara, njia ya machozi iliyobeba pembe na watumwa. Misafara ilikoma. Lugha ilibaki. Ni yako.

Na Clémentine Faïk-Nzuji, mzaliwa wa Tshofa, alichapisha mashairi yake mwaka 1968. Mwanamke. Mkongomani. Mweusi kama wewe.

Leo, ukitoka shambani, ukitoka sokoni, chukua daftari. Andika yale bibi yako aliyokusimulia. Yasipokupendeza, yaache yalale. Kesho uyasome tena, kwa sauti, mbele ya mtu anayekupenda.