Je, mchango wa mituele ni pesa iliyopotea?

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Amma baad. Twajua sote yanayotokea katika hospitali zetu. Mama amejifungua kwa kupasuliwa, amepona, na mtoto ni mzima, lakini haruhusiwi kutoka kwa sababu deni halijalipwa. Jamaa wanazunguka sokoni na misikitini kuomba franka. Sisi tunachanga, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaochanga. Lakini tujiulize: kwa nini twangoja mtu afungiwe ndipo tuchange?

Mituele ya afya ni kuchanga mapema. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, mpango wa namna hii ulianza mwaka 1986. Jamaa nzima iliandikishwa, mchango ulilipwa mara moja kwa mwaka, na aliyelazwa hospitalini alilipa sehemu 20 tu kwa 100 za bei. Yaani kama bei ni franka 100.000, yeye alitoa 20.000. Tangu Februari 2017 nchi yetu ina sheria ya mituele.

Wengine husema: huku si kukosa tawakkul? Hapana. Mwenye ngamia aliamriwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Wengine husema: bima si ni kamari? Swali hili ni la haki. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiq-hi, walipokutana Jeddah mwezi wa Desemba 1985, walikataza bima ya biashara yenye malipo maalum, kwa sababu ya gharari iliyomo. Lakini walikubali bima ya kusaidiana, ambayo kila mtu anatoa mchango wake kama tabarrui, yaani kwa hiari ya kusaidia. Basi nia ya mchango ni jambo kubwa.

Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Mtu analipa mwaka mzima, haugui, kisha analalamika: « Pesa yangu imeliwa! » Ndugu yangu, imeliwa na nani? Imemtoa mama yule hospitalini. Nawe umepewa afya, ambayo hakuna anayeiuza. Je, ungependa uugue kusudi upate faida? Ulichotoa hukununua kitu, ulimsaidia mwenzio. Na siku yako ikifika, mwenzio atakusaidia. Al-Ash'ariyyuna, chakula kilipowapungukia, walikusanya walichokuwa nacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu. Hakuna aliyepima kwanza nani alileta kingi.

Kwa hiyo yatupasa uaminifu. Anayengoja augue ndipo ajiandikishe anataka kula bila kuweka kitu katika nguo. Ndiyo sababu mituele nyingi huweka miezi ya kungoja kabla ya kuanza kusaidia. Anayemwazima jirani karte yake anaiba mali ya wote, hata kama anasema ni huruma. Na mwenye kutunza sanduku asome hesabu mbele ya wote, maana ile ni amana.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matano: Mchango ni kiasi gani kwa kila mtu? Nitangoja miezi mingapi? Magonjwa gani hayamo? Sehemu yangu ya kulipa ni ngapi? Ni vituo gani vinavyopokea karte hii, na je, lazima kituo cha afya kinitume kabla ya kwenda hospitali? Wengi hugombana na mituele mlangoni mwa hospitali kwa sababu hawakuuliza siku ya kuandikishwa.

Na yule asiye na mchango? Huyo ni jirani yako. Mlipie. Sadaka ya kabla ya ugonjwa yaokoa kuliko ile ya baada ya deni.

Mwenyezi Mungu atupe afya na mioyo ya kusaidiana. Amina.

Wabillahi tawfiq.