Anayeita Ni Nani?

Samweli alipoitwa kwa jina usiku kule Shilo, alikimbilia kwa Eli. Aliitwa mara tatu, na mara tatu akaenda kwa mtu ambaye hakumwita (1 Samweli 3). Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa hajajifunza kuipambanua sauti ya Mungu na sauti ya mzee aliyemlea.

Wanaochunguza mawimbi ya redio wanaijua vizuri shida hii. Mawimbi wanayoyatafuta huwafikia yamechanganyika na mengine ya aina mbili. Ya kwanza ni kelele ya ndani: chombo chochote chenye joto, elektroni zake hazitulii, kwa hiyo hata kipokezi kizuri kiasi gani hujipigia kelele chenyewe. Lakini kelele hiyo haina mpangilio. Ukikusanya vipimo vingi vya mahali pamoja, yenyewe hufifia na ishara ya kweli hujitokeza. Ya pili ni mwingiliano, yaani mawimbi ya watu wengine, na huu ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu una mpangilio na hufanana sana na kitu cha kweli.

Mwaka 1967, karibu na Cambridge, Uingereza, Jocelyn Bell, mwanafunzi aliyekulia katika imani ya Waquaker, alikuwa akisoma kwa macho yake karatasi zilizochorwa na darubini ya redio, karibu mita 30 kila siku. Alishajua jinsi mwingiliano wa cheche za injini za magari unavyochoreka. Ndiyo maana alipokutana na mchoro mdogo usiofanana na vyanzo vya angani alivyovizoea wala na magari, hakuupita. Alikumbuka kwamba alishawahi kuuona, na katika sehemu ileile ya anga.

Tarehe 28 Novemba aliiendesha karatasi kwa kasi zaidi, akaona mapigo yanayopishana kwa sekunde moja na theluthi, sawasawa kabisa. Msimamizi wake, Antony Hewish, alidhani ni kazi ya binadamu, na ilikuwa haki yake kudhani hivyo. Kilichosaidia kuamua ni saa. Shughuli za watu hufuata siku ya saa 24, bali nyota hurudi mahali pake baada ya saa 23 na dakika 56. Mapigo yale yalifuata saa ya nyota. Hivyo ndivyo nyota ya mapigo ya kwanza, iitwayo palsa, ilivyogunduliwa.

Ninaamini mioyo yetu inahitaji kipimo cha namna hii, kuliko inavyohitaji masikio makali. Tunapenda kuuliza sauti ina nguvu kiasi gani, wakati hofu ina nguvu kuliko zote. Tuulize inafuata saa ya nani. Ipo sauti inayokuambia huna thamani, nayo hurudi kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapodai kodi. Hiyo inafuata kalenda ya madeni. Usiipe jina la Mungu. Lakini ukisukumwa kwenda kupatana na ndugu yako, na msukumo huo ukakujia una pesa au huna, umesifiwa au umetukanwa, uandike pamoja na tarehe. Ukikujia tena baada ya wiki kadhaa, mpelekee mtu mzima katika imani, maana hata Bell hakuamua peke yake: darubini nyingine ilielekezwa palepale, ikayaona mapigo yaleyale.

Eli macho yake yalikuwa yamefifia, na nyumba yake ilikuwa imeharibika. Hata hivyo yeye ndiye aliyetambua, kwa kurudiarudia kule, nani aliyekuwa akimwita mtoto. Na ujumbe wenyewe ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Asubuhi Samweli aliogopa kumweleza. Mzee akamtaka asimfiche hata neno moja, akasikia yote, akakubali kwamba ujumbe umetoka kwa Bwana.