Kimbunga Kisichowahi Kufika

Wenye mashamba wa Unguja ya mwaka 1872 walikuwa na hakika moja: vimbunga ni vya Bukini (Madagaska) na Morisi, si vya kwao. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni hafifu mno. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, pembezoni kabisa mwa njia ya vimbunga. Lakini pembezoni si nje.

Katikati ya Aprili mwaka ule kimbunga kikapiga. Merikebu za Sultani Barghash, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili kitini, ziliangamia bandarini. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka. Pemba ilinusurika karibu yote, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Mwaka uliofuata, Waingereza walipombana afunge biashara ya watumwa, Barghash alijitetea kwamba kimbunga kimeshawafilisi watu wake. Utetezi huo haukumfaa, wala haukustahili kumfaa.

Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Miaka 80 inatosha kabisa kuzika kizazi kizima pamoja na kumbukumbu yake.

Kosa la siku hizi ni jingine, nami nalihofia zaidi: kupima hatari kwa upepo unaokupiga usoni. Kimbunga husukuma mawimbi kila upande. Yale marefu, yanayopishana kwa sekunde 12 au 15, husafiri kwenye kina kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, na mara nyingi kimbunga chenyewe hutambaa polepole kuliko hapo. Basi mawimbi hukitangulia. Hata kimbunga kikigeuka na kufia baharini, yale yaliyokwisha kuondoka hayageuki nacho. Huko kwenye maji mengi hayatishi. Chombo hupanda na kushuka taratibu. Yakifika juu ya mwamba, penye maji machache, huinuka na kuvunjika. Nahodha aliyeona anga jeupe na tanga limelegea anaweza kupinduliwa papo hapo kwenye mlango wa mwamba, nyumba za kwao akiziona.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari mapema, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Kilipogusa pwani kilikuwa kimepungua nguvu. Anayeuchukua upungufu ule kuwa ushahidi kwamba tahadhari ilikuwa kelele tu, anarudia hesabu ya mwaka 1872. Kabla mwezi haujaisha, Ialy nacho kilikuwa baharini, kikapanda kaskazini hadi karibu na ikweta, kule tulikozoea kuambiwa vimbunga havifiki.

Wala si lazima kimbunga kikukaribie ndipo kikuumize. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilipopita mashariki mwa Bukini, upepo wenye unyevu ulivutwa kutoka Kongo ukapita juu ya Afrika Mashariki, na mvua ikazidi. Machi 2019 kikaja Idai, kilichoibomoa Beira. Hicho kilikaa magharibi mwa Bukini, kwenye Mlango wa Msumbiji, kikauvuta unyevu kwake, na masika ya Kenya yakachelewa. Kisiwa ni kile kile. Upande kilipo kimbunga ndio uliobadilisha mambo shambani.

Mkulima wa Bonde la Ufa aliyefuata kalenda mwaka ule alitia mbegu kwenye vumbi. Kimbunga kilikuwa kikitajwa redioni siku nyingi, ila kilitangazwa kama habari ya Msumbiji.