Urafiki wa Watu Wasioonana Uso

Swali tutakalolipima mwezi huu ni hili: Je, mtu aweza kumwita rafiki yule ambaye hajamwona uso wake wala kumshika mkono? Zamani swali hili liliwahusu wachache, waandikianao barua. Leo lawahusu wengi, hata katika nyumba zetu. Kwani vijana hucheza michezo ya kompyuta na ya simu pamoja na watu walio mbali sana, nao wakicheza huzungumza. Mzazi apitaye mlangoni usiku humsikia mwanawe akicheka na mtu asiyeonekana, naye hujiuliza moyoni: Huyu anasema na nani? Na hayo wasemayo yana faida gani?

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe kwa wale wasiolijua. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, huko Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza mchezo ambao watu wengi waliweza kuuingia kwa wakati mmoja, kila mtu kwa mashine yake, wakiandikiana maneno. Mwaka 2004 ukatokea mchezo uitwao World of Warcraft, na katika mwaka 2010 wenye kulipa ada ya kuucheza walizidi milioni 12. Humo ndani kila mchezaji ana umbo lake na jina alilojipa. Hutembea msituni na mijini, hupigana na majoka, na hujiunga na chama chenye wakubwa na kanuni zake. Tena ziko programu, kama ile iitwayo Discord iliyoanza mwaka 2015, ambazo kwazo wachezaji husemezana kwa sauti, kama watu walioketi chumba kimoja.

Nao wasema nini? Mwanzo husema habari za mchezo tu: shika njia hii, jihadhari na yule, ngoja nikusaidie. Lakini saa zikipita, mmoja husema kwamba mama yake ni mgonjwa; wa pili husema kwamba kazi yake imekwisha; wa tatu huuliza habari za uchaguzi katika nchi ya mwenziwe, au bei ya mkate, au vita. Hakuna aliyekusudia kusema hayo. Yametoka yenyewe, kwa sababu mikono ina kazi na macho hayatazamani.

Jambo hili si geni kwetu. Mchezo wa bao una mashimo 32 na kete 64. Lakini ukimwuliza mzee aliyeshinda barazani tangu alasiri mpaka magharibi amepata nini, hatakuambia hesabu ya kete alizokula. Atakuambia nani ameoza binti yake, shamba la nani limeliwa na nguruwe, na serikali imetangaza nini. Wanawake wasukao ukili hufanya vivyo hivyo, na wavuvi washonao nyavu. Liko neno ambalo mtu hawezi kulisema akiwa ameketi ana kwa ana na mwenziwe, na pengine kimya kimeingia kati yao. Bali mikono ikishughulika, hulisema bila shida. Mchezo ni kisingizio, na mazungumzo ndiyo chakula.

Walakini wako wenye kupinga, nao si wajinga. Hoja zao ni tatu. Ya kwanza wasema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Rafiki aliye ng'ambo ya bahari hawezi kukuletea maji ukiwa na homa. Ya pili wasema: Watu hao hawajuani kwa kweli. Jina si lake, umbo si lake. Awezaje mtu kupenda kinyago? Ya tatu wasema: Ni maneno mepesi ya kupoteza wakati, nayo humwiba kijana kutoka masomo, usingizi na jamaa zake. Hoja hii ya mwisho haikutoka katika woga wa wazee tu. Kwani Shirika la Afya Duniani nalo liliuandika uraibu wa michezo hiyo katika orodha yake ya magonjwa, iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Si kila achezaye ana ugonjwa huo, la. Ni yule ambaye mchezo umemtawala hata akaacha mambo mengine yote, wala hawezi kuuacha ajapoona hasara yake.

Basi na tutazame habari moja iliyotokea Norwei, tupate kuzipima hoja hizi kwa mambo yaliyotendeka.

Huko alizaliwa mwaka 1989 mtoto aitwaye Mats Steen. Alikuwa na ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli ya mwili kidogo kidogo, nao huwapata zaidi watoto wa kiume. Tangu utoto wake alikuwa katika kiti cha magurudumu, na nguvu zake zikazidi kupungua hata zikabaki za vidole tu. Saa nyingi za mchana na usiku alicheza World of Warcraft, akitumia jina la Ibelin. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, na walimruhusu kucheza. Lakini walihuzunika kwa ajili yake, wakidhani kwamba mwana wao ataondoka duniani bila kuonja urafiki, wala kumfaa mtu yeyote. Alikufa mwezi wa Novemba 2014, naye alikuwa na umri wa miaka 25.

Mats alikuwa na ukurasa wake mtandaoni alimokuwa akiandika habari za maisha yake, naye aliwaachia wazazi neno la siri la kuufungulia. Baba yake, Robert, akaandika humo kwamba mwanawe amekufa, akaweka na anwani yake. Ndipo barua zikaanza kuja. Kwanza moja, kisha nyingine, kisha nyingi, kutoka nchi mbalimbali. Waandishi walikuwa watu wa chama chake cha mchezoni, kiitwacho Starlight. Binti mmoja wa Uholanzi aliandika kwamba wazazi wake walipomnyang'anya kompyuta, naye akaingia katika huzuni kubwa, Mats ndiye aliyewaandikia wazazi hao barua kumtetea. Mama mmoja alieleza jinsi Mats alivyomshauri aingie mchezoni pamoja na mwanawe, ambaye alikuwa mgumu kukaribiwa. Na humo mama na mtoto wakapata njia ya kukumbatiana. Siku ya maziko baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya hata Oslo, na jeneza likafunikwa bendera ya chama chao. Tangu mwaka 2024 habari hii yajulikana mahali pengi, kwa sababu ya filamu iliyotengenezwa na Benjamin Ree.

Tukirudi kwenye hoja ya kwanza, twaona kwamba ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ni kweli kwamba marafiki wa Starlight hawakumgeuza Mats kitandani wala kumlisha. Waliofanya hivyo ni wazazi na wauguzi, na heshima yao isipunguzwe hata kidogo. Lakini si kila nyoka ni wa majani. Yuko nyoka wa upweke, naye huingia hata katika nyumba yenye watu wengi na chakula tele. Huyo hauawi kwa fimbo, bali kwa neno. Na neno hufika mbali. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajafika mji wao, wala hatujamsikia mtu akisema kwamba upendo wake kwao haukuwa upendo mpaka alipoingia lango la Roma.

Hoja ya pili yataka kupimwa kwa uangalifu zaidi. Mats hakuwaambia wenzake kwa muda mrefu kwamba ni mgonjwa. Mchezoni alikuwa mtu mwenye nguvu, mwenye kukimbia. Je, aliwadanganya? Sisi twaona kwamba yapasa kutenga mambo mawili: kuficha na kughushi. Mtu afichaye jeraha lake apate kupokewa kama watu wengine, bila kuhurumiwa kabla hajasalimiwa, hamdhuru mtu. Mtu ajifanyaye mwingine apate kuiba fedha au kumnasa mtoto, huyo ni mwongo na mwizi, na watu wa namna hiyo wamo mtandaoni, mzazi asisahau. Tofauti yao haiko katika jina wala umbo, bali katika kusudi. Hata hivyo kuficha nako kuna gharama yake. Aliyeficha maumivu yake hawezi kufarijiwa katika maumivu hayo. Hupokea upendo, lakini upendo huo hauwezi kugusa mahali panapouma. Wenzake walipata kujua kwa kuyasoma aliyoyaandika katika ukurasa wake, nao hawakumkimbia. Labda wangalijua mapema, angalibebewa mzigo mapema.

Kuhusu hoja ya tatu, twakubali kwamba maneno mepesi yaweza kuwa mazito kuliko msemaji anavyodhani, kwa wema na kwa ubaya. Kwa wema tumekwisha kuona. Kwa ubaya, tutazame jambo lililotokea Marekani. Askari kijana wa kikosi cha anga cha Massachusetts, Jack Teixeira, alikuwa na rafiki zake wa michezo katika chumba cha mazungumzo cha Discord. Walizungumza habari za michezo, na silaha, na mambo ya dunia. Yeye, ambaye kazi yake ilimpa njia ya kusoma siri za serikali, akaanza kuwaonyesha karatasi za siri, zikiwemo za vita vya Ukraine. Siri hizo zikatoka chumbani zikaenea ulimwenguni. Alikamatwa Aprili 2023, akiwa na miaka 21. Mwaka 2024 akakiri makosa yake, na mwezi wa Novemba akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Wala hakushtakiwa kwamba aliziuza siri hizo kwa taifa lingine. Aliwapelekea watu aliozungumza nao kila siku. Hapo pana fundisho kwa kila mwenye kupenda mazungumzo ya jioni, awe mtandaoni au barazani. Habari za dunia zina utamu wa kumfanya mtu aonekane mkubwa. Yule ajuaye asilolijua mwingine husikilizwa. Na yule asikilizwaye leo hutafuta neno kubwa zaidi kesho. Ulimi hauna mfupa, nao ukikaa kati ya marafiki husahau kwamba marafiki nao wana ndimi. Basi kipimo cha mazungumzo ya mambo ya dunia ni swali hili: Nasema ili tuelewe, au nasema ili nitazamwe? Mtu aulizaye, Kwenu vita imewafanyaje? apata rafiki. Mtu asemaye, Mimi najua kuliko magazeti, apata watazamaji. Na watazamaji hawamfai siku ya kifungo chake.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba rafiki asiyeonekana aweza kuwa rafiki wa kweli, lakini si kila mwenzi wa mchezo ni rafiki. Tutamjua kwa nini? Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tena wasema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Katika methali hizi mbili umo mzani wote. Yule ambaye ukinyamaza siku tatu auliza, Yuko wapi? huyo ni rafiki, ajapokuwa ng'ambo. Na yule ambaye ukitoweka aendelea na mchezo kama kwamba hukuwapo, huyo alikuwa mchezaji tu, ajapokuwa amekaa nawe kiti kimoja.

Haya yatupa wajibu sisi wa nyumbani. Wazazi wengi huuliza, Umecheza saa ngapi? nalo ni swali jema, kwani usingizi na masomo vina haki yao. Lakini waongeze la pili: Umecheza na nani, naye hali yake ikoje? Kijana awezaye kujibu kwamba mwenziwe wa Kenya amefiwa na bibi yake, au kwamba yule wa Ufini hajapata kazi bado, amejifunza kitu kisichofundishwa na mchezo. Na kijana asiyeweza kujibu lolote, baada ya miezi mingi, huyo ndiye wa kuhangaikiwa. Maana amekaa na watu wengi akiwa peke yake.

Liko na jambo la mwisho, ambalo twaliona kuwa zito kuliko yote. Kwetu mtu akifa, habari hupelekwa hata kwa shangazi aliye mbali, na asiyepewa habari huona kwamba amedharauliwa. Lakini rafiki wa mchezoni hana mjumbe. Hajui jina letu la ukoo, hajui kijiji chetu. Ataona tu kwamba yule aliyekuwa akija kila jioni haji tena, naye hatajua kama amekasirika, au amechoka, au amezikwa. Kama Robert Steen hangalikuwa na neno la siri la mwanawe, wale watu wangalingoja bure, naye mwenyewe angalikwenda kaburini akidhani kwamba amemzika kijana asiye na rafiki. Neno moja dogo lilisimama kati ya misiba hiyo miwili.

Kwa hiyo twawaomba vijana: andikeni katika karatasi majina ya hao mnaozungumza nao na njia ya kuwafikia, mkampe mtu wa nyumbani mnayemwamini. Nanyi wazazi, mkipewa karatasi hiyo msiicheke. Iwekeni pamoja na majina ya jamaa. Na siku ya msiba, itakapokuja, wapelekeeni nao habari kama wengine.