Kununua kwa Simu na Haki ya Jirani

Katika baraza zetu za Mombasa, na katika nyumba nyingi za Nairobi na miji mingine ya Kenya, limekuwa jambo la kawaida kumsikia mtu akisema kuwa siku hizi hana haja tena ya kwenda dukani. Huchukua simu yake, hutazama picha za vitu, huchagua, hulipa, kisha hukaa akingoja. Baada ya saa moja, au baada ya siku mbili, tarishi wa pikipiki hubisha hodi na mzigo mkononi. Wako waliolipokea jambo hili kwa furaha kubwa, na wako walilaumuo wakisema kuwa ni uvivu na kiburi. Kila upande una hoja zake. Lakini twaona kuwa pande zote mbili aghalabu hulipita swali lenyewe. Nia yetu katika ukurasa huu ni kulieleza swali hilo na kulitafutia jawabu kwa insafu.

Yatupasa kwanza kuyaweka mbali mambo mawili yasiyohitaji ubishi.

La kwanza ni kuwa kununua kitu pasina kwenda dukani si uzushi wa zama zetu. Huko Chicago, Marekani, Montgomery Ward alianza mwaka wa 1872 kuuza bidhaa kwa orodha zilizopelekwa kwa posta, na wakulima waliokaa mbali na miji wakapata vitu bila safari. Na huku kwetu pwani, wazee waliagiza nguo na vyombo kutoka Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, na kutoka Maskati, kwa barua na kwa mdomo wa nahodha, kisha wakangoja kaskazi iyalete majahazi. Kilicho kipya ni wepesi wake. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka wa 2007, watu walipata njia ya kupeleka fedha kwa simu. Intaneti ilipoingia katika simu za bei nafuu, na bodaboda zilipojaa mitaani, mambo matatu yakakutana: kukiona kitu, kukilipia, na kuletewa. Kilichohitaji miezi sasa chahitaji saa.

La pili ni hukumu yake. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, walikuwa wakali katika kuuziana kitu ambacho mnunuzi hakukiona. Wahanafi walikubali, wakampa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kuivunja biashara, pindi atakapokiona. Nao wote waliikubali biashara ya salamu, ambayo mnunuzi hulipa thamani mbele, na kitu kikatajwa sifa zake, kipimo chake na wakati wa kuletwa kwake. Mwaka wa 1990, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jiddah, liliyakubali mapatano yafungwayo kwa vyombo vya kupelekeana habari baina ya watu wasiokuwa mahali pamoja, kwa masharti yake, likayatoa mambo machache kama ndoa, ambayo yahitaji mashahidi. Na katika sheria ya nchi, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 yamtaka auzaye kwa intaneti amweleze mnunuzi habari zilizo lazima kabla ya kufunga mapatano, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha. Basi mwenye nia ya kuliharimisha jambo hili kwa ujumla wake hana pa kushika.

Tena lina kheri iliyo wazi. Mgonjwa asiyeweza kushuka ngazi, mzee aliyedhoofika miguu, kipofu, mtu wa kiti cha magurudumu ambaye maduka yetu mengi hayana hata njia ya kumpitisha, mjane aliye katika eda, mama mwenye watoto wawili wachanga na hana wa kumwachia: wote hawa zamani walitegemea hisani ya mtu wa kuwatuma, na mara nyingi waliletewa kisichokuwa chaguo lao. Leo huchagua wenyewe. Na kwa upande wa wauzaji, mwanamke apikaye sambusa na keki jikoni kwake, asiyeweza kulipa kodi ya duka wala kilemba cha kulipatia, hupata wanunuzi mitaa ya mbali ambao hawangemjua kamwe. Mwezi wa Mei 2020, katika maradhi ya korona, Serikali ilipokataza watu kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh, kila mtu aliona kuwa kuletewa kitu mahali alipo mtu si anasa siku zote. Huenda ikawa ni dharura.

Swali letu, basi, si la mgonjwa wala la mjane, na si swali la halali na haramu. Swali ni hili: mtu mwenye afya na nafasi, ambaye duka li hatua chache kutoka mlangoni pake, anapoacha kwenda, je, yuko anayepungukiwa? Na ikiwa yuko, je, mtu huyu ana wajibu wowote kwake?

Tulitazame duka la mtaani. Mwenye duka huuza sukari kwa robo, mafuta kwa kipimo, majani ya chai kwa kijipakiti, na sabuni kwa kipande. Chini ya meza yake lipo daftari. Ndani ya daftari hilo yameandikwa majina ya majirani waliochukua unga na maziwa na hawajalipa: kuli ambaye meli haikuja wiki hii, mwalimu wa chuo ambaye ada za watoto hazijakusanyika, mama muuza mihogo aliyeuguza mtoto. Hakuna benki ikopeshayo kilo mbili za unga. Na mikopo ya simu, ambayo imeenea sana, hutoza ada au riba, na humtia fedheha asiyelipa kwa wakati. Daftari la duka halina riba. Dhamana yake ni kuwa mwenye duka amjua mkopaji, na amjua baba yake.

Lakini duka hili lakopesha kwa nguvu gani? Si kwa mali nyingi ya mwenye duka, kwani aghalabu naye ni mtu wa kubangaiza. Lakopesha kwa kuwa wako wanunuzi wengine walipao taslimu. Mwenye mshahara anunuaye mchele kwa gunia na mafuta kwa dumu ndiye ampaye mwenye duka fedha ya kurudi kwa muuzaji wa jumla na kujaza rafu, hali deni la maskini lingali katika daftari. Kwa hiyo mwenye nafasi alikuwa akimdhamini jirani yake, bila kujua na bila kunuia. Hakutoa sadaka, wala yule jirani hakuinamisha kichwa kwa kuipokea. Kila mmoja alinunua tu chakula chake mahali pamoja na mwenziwe.

Sasa mwenye nafasi ameondoka. Mchele wake, mafuta yake na sabuni zake hutoka katika ghala kubwa ambalo hajapata kuliona. Dukani wamebaki wale wa robo na wa kukopa. Mwenye duka, ambaye moyo wake haukubadilika, huona fedha taslimu ikipungua mwezi baada ya mwezi, na mwisho huandika kwenye kibao kuwa hakuna kukopa. Siku hiyo mwalimu wa chuo hulala bila chai, na hapana mtu mtaani awezaye kunyooshewa kidole. Aliyeondoka hakuiba, hakupunja, hakusema uongo. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe: madhara yamepatikana, na hapana mtenda dhambi.

Atasema msemaji: «Je, nilazimishwe kununua kwa bei ya juu ili duka la fulani lisimame?» Hoja hii yastahiki jawabu la haki. Mwenye kipato kidogo ana haki kamili ya kutafuta bei iliyo nafuu popote ilipo, na si uadilifu kumbebesha yeye mzigo wa mtaa. Walakini mwenye nafasi na ajiulize: tofauti ile ya shilingi chache aiokoayo huenda wapi? Na mara nyingi, akijumlisha na malipo ya kuletewa, atakuta hapana alichookoa ila miguu yake.

Mwingine atasema: «Wenye maduka nao si malaika. Huchanganya maharagwe mabovu na mazuri, na mizani zao hazina amana.» Ni kweli. Kuonana uso kwa uso hakumfanyi mtu kuwa mwaminifu. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, akakuta chini pana umajimaji uliofichwa, akamkanya vikali mwenyewe kwa udanganyifu ule. Soko lile lilikuwa la watu wajuanao, na bado mwenye kuficha alificha. Lakini tuzingatie jambo moja katika habari ile: mkono uliweza kuingia. Katika picha ya simu mkono hauingii. Kwa hivyo mzigo uliokuwa wa mnunuzi, wa kupekua na kugeuza, umehamia kwa muuzaji. Auzaye kwa picha yampasa aitaje ila ya bidhaa yake kwa ulimi wake kabla ya kuulizwa, na aonyeshe kitu kile kile atakachokileta, si picha aliyoiokota kwingine. Asiyefanya hivyo ni yule yule mwenye rundo la nafaka, ila amelifunika vyema zaidi.

Wa tatu atasema: «Naokoa wakati.» Wakati ni neema, na aupatao akautumia kwa kusoma, kwa wazazi wake au kwa wanawe, amepata faida ya kweli. Lakini si kila wakati utumiwao sokoni ni wakati uliopotea. Katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya Abdallah bin Umar, aliyekuwa akienda sokoni hali hanunui wala haulizi bei. Tufail bin Ubayy, aliyekuwa akifuatana naye, alimwuliza afuatalo huko, naye akamjibu kuwa hendi ila kwa ajili ya kutoleana salamu na wakutanao nao. Yeye alikwenda sokoni pasina haja ya bidhaa; sisi twapata bidhaa pasina haja ya soko. Aendaye Marikiti au Kongowea, au kibandani tu penye pembe ya mtaa, ndiye ajuaye nani amefiwa, nani hajaonekana siku tatu, na mtoto wa nani amefukuzwa shule kwa ada. Habari hizi haziandikwi popote. Asiyepita hazipati, na asiyezipata hawezi kulaumiwa kwa kutozitekeleza. Na hivyo ndivyo wajibu mwingi ufavyo kimya kimya, bila hata mmoja kuukataa.

Yuko pia yule tarishi wa pikipiki, naye asisahauliwe. Wengine humtaja kuwa ndiye ushahidi wa kheri ya mtindo huu, kwani vijana wengi wamepata riziki. Ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini wengi wao hulipwa kwa safari, na petroli hutoka mifukoni mwao. Dakika ishirini za kungojeshwa langoni ni safari nyingine aliyoikosa. Aagizaye chakula kisha akazima simu, au akakataa mzigo kwa kuwa amebadili nia, amemtia mwenziwe hasara ambayo yeye huiita usumbufu mdogo tu. Aliyechagua kutokwenda amemtuma mwingine aende badala yake, katika jua na mvua na magari. Na kila mwenye kutuma anaye aliyetumwa, na ana haki zake juu yake.

Kwa muhtasari, rai yetu ni hii. Kununua kwa simu na kuletewa nyumbani ni halali, na kwa baadhi ya watu ni rehema. Lakini uhalali wa jambo wajibu swali moja tu, nalo ni kama mtu aweza kulifanya. Haujibu swali la pili, la kuwa yampasa nini baada ya kulifanya. Kati ya haki na ihsani pana nafasi, na jirani huishi ndani ya nafasi hiyo.

Twanasihi mambo matatu. Mwenye nafasi na abakishe sehemu ya manunuzi yake katika duka la mtaa wake, alipe taslimu, na aende kwa miguu yake. Si kwa kumwonea huruma mwenye duka, bali kwa kujua ni nani wengine wanaolishwa na fedha ile. Auzaye kwa simu na aseme ila kabla ya sifa. Na aletewaye mzigo na awe tayari mlangoni, aitikie salamu, na amlipe mleta kwa ukamilifu.

Wako wenzetu katika darsa walioona kuwa twawatwika wanunuzi mzigo ambao ni wa Serikali na wa jumuiya za zaka, kwani hao ndio wapaswao kumwangalia mwalimu wa chuo asilale na njaa. Hoja hiyo ina nguvu, na tungefurahi siku itakapotimia. Lakini hadi siku hiyo, daftari lililo chini ya meza ndilo lililopo, na unga wa kesho hauwezi kungoja. Mwenye hoja iliyo bora na atuletee, nasi tutaipokea.

Wabillahi tawfiki.